MATE YA KUPE NA MBU: JINSI MDUDU MDOGO ANAVYOLAZA KINGA YA MWILI

Somo la robo mwaka kwa kamati za parokia na mitaa





Tunawasalimu wanakamati wote wa Chidya, Masasi, Newala na vijiji vya Nyanda za Makonde, pamoja na wafadhili wetu wa ndani na nje ya nchi. Katika toleo hili tumeona vema kuwaletea somo juu ya kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukifikiria, nacho ni mate ya mdudu.

Kiswahili chetu kinatumia neno moja, kuumwa, kwa mtu aliyeng'atwa na mdudu na kwa mtu aliye mgonjwa. Wazee waliotuachia lugha hii hawakuwa na maabara, lakini neno lao linafanana sana na yale ambayo wanasayansi wameyathibitisha. Kupe au mbu anapomuuma mtu au mnyama, kabla hajanyonya damu humtilia mate. Mate hayo hufanya kazi kubwa kuliko jeraha lenyewe, kwa sababu hulaza walinzi wa mwili na kuwafungulia vijidudu mlango.

Tumechagua somo hili kwa sababu ya bajeti. Kamati zinapopanga mahitaji, dawa za kutibu na ng'ombe wa mkopo huwa mwanzoni mwa orodha. Mifuniko ya mapipa, bomba la kunyunyizia dawa ya kupe na fedha za kuziba nyufa za nyumba hubaki mwishoni, na mara nyingi hukatwa. Tunaamini kwamba atakayelielewa somo hili ataigeuza orodha hiyo.

MALENGO YA SOMO

Baada ya somo hili mwanakamati aweze:
1. Kueleza kwa maneno rahisi jinsi mate ya mdudu yanavyoathiri kinga ya mwili.
2. Kutaja magonjwa matatu yanayotuhusu ambayo huingia kwa njia hiyo.
3. Kupanga na wenzake kazi za kila wiki za kuzuia kuumwa, kwa watu na kwa mifugo.

KINGA YA MWILI NI NINI?

Tuufananishe mwili na kijiji. Ngozi ni uzio. Uzio ukitobolewa, kazi ya kwanza ni kuziba tundu: mishipa midogo hujibana na damu huganda. Kazi ya pili ni kupiga mbiu. Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ya mwili ni kemikali iitwayo histamini. Ikitolewa, mahali pale huvimba, hupata joto na huwasha, na mwenye mwili hujikuna. Kujikuna huko ni ulinzi pia, maana mdudu huonekana na kung'olewa.

Kazi ya tatu ni ya sungusungu, yaani chembe nyeupe za damu. Hizo hufuata ujumbe wa kuziita, hufika penye jeraha na kupambana na kila mgeni. Aidha, ndani ya damu kuna protini ambazo hutoboa vijidudu na kuviua hata kabla sungusungu hawajafika. Mwisho kuna wenye kumbukumbu. Hawa humtambua adui waliyewahi kumwona na kutengeneza kingamwili, silaha iliyochongwa kwa ajili ya adui huyo mmoja.

Ulinzi huu ni wa ajabu, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini mdudu anyonyaye damu ataishije mbele ya ulinzi wa namna hii? Jibu liko katika mate yake.

MATE YANAFANYA KAZI GANI?

Mate ya kupe na mbu ni mchanganyiko wa protini nyingi, na kila moja ina kazi yake. Tutataja zile zilizo muhimu.

Kwanza, yapo mate yanayozuia damu kuganda na yanayopanua mishipa. Bila hayo mdomo wa mdudu ungeziba kabla hajashiba.

Pili, yapo yanayonyamazisha mbiu. Kupe wa sikio, yule wa rangi ya kahawia tunayemkuta masikioni mwa ng'ombe, ana protini inayokamata histamini na kuishikilia isifanye kazi. Wanasayansi waliieleza protini hiyo mwaka 1999. Ndiyo sababu ng'ombe anaweza kubeba kupe kwa siku kadhaa bila kuhangaika sana. Si kwamba kupe huyo hana madhara, bali mbiu imezibwa mdomo.

Tatu, yapo yanayokata ujumbe wa kuwaita sungusungu. Mate ya kupe yana protini zinazozikamata kemikali zile zinazobeba ujumbe, na chembe nyeupe hazifiki kwa wingi unaotakiwa.

Nne, yapo yanayozima zile protini za damu zinazotoboa vijidudu. Mfano unaojulikana sana unatoka kwa papasi wa Afrika, yule kupe laini anayejificha kwenye nyufa za nyumba za udongo. Mwaka 2005 watafiti walichapisha maelezo ya protini ya mate yake inayofanya kazi hiyo. Baadaye dawa iliyotengenezwa kutokana na protini hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa ambao kinga yao inaushambulia mwili wenyewe. Nguvu ya mate ya papasi ni kubwa kiasi hicho.

Wadudu hawalingani. Mbu hunyonya kwa dakika chache na kuruka. Papasi hunyonya kwa muda mfupi usiku, mara nyingi chini ya saa moja, kisha hurudi kwenye ufa wake. Kupe wa ng'ombe hukaa siku nyingi, hivyo mate yake ni mengi na yana hila zaidi. Kupe wengi hutoa hata gundi inayokauka kama saruji na kushika mdomo kwenye ngozi.

Wapo watakaouliza: mbona mbu akituuma tunawashwa? Mara nyingi muwasho ule hautokani na jeraha. Ni kinga ya mwili inayapigia kelele mate. Mbu huruka kabla kelele haijawa kubwa, lakini hasara inaweza kuwa imekwisha kutokea.

MATE NA VIJIDUDU

Kama mdudu angekuwa anatafuta chakula tu, tungeweza kumvumilia. Shida ni kwamba vijidudu vya magonjwa vimejifunza kusafiri ndani ya mate na kufaidika na mlango uliofunguliwa.

Mfano mmoja unatoka kwa jirani zetu wa Kenya. Karibu na Nairobi kuna msitu wa Thogoto, na mwaka 1960 kirusi kipya kilipatikana huko katika kupe. Mnamo mwaka 1987 watafiti wa Uingereza walikitumia kirusi hicho katika jaribio. Waliwaweka kupe wenye kirusi na kupe wasio nacho wanyonye pamoja kwenye mnyama mmoja mdogo wa maabara. Kupe wazima wengi waliambukizwa, ingawa katika damu ya mnyama yule kirusi hakikuonekana. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba vitu vilivyomo katika tezi za mate za kupe ndivyo vilivyokisaidia kirusi kupita. Mwaka 1988 watafiti wengine walionyesha jambo linalofanana kwa usubi na vimelea vya leishmania: vimelea vikichanganywa na mate, ugonjwa ulikuwa mkubwa kuliko vikiwekwa peke yake.

Mfano wa tatu una asili ya Uganda. Kirusi cha msitu wa Semliki kilipatikana huko mwaka 1942, nacho ni cha ukoo mmoja na kirusi cha chikungunya. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya kukitumia kwa panya. Panya aliyepewa kirusi mahali palipoumwa na mbu aliugua zaidi kuliko aliyepewa kirusi kilekile kwa sindano tu. Uvimbe wa kuumwa na mbu uliita chembe nyeupe mahali pale, na baadhi ya chembe hizo ndizo kirusi kilizozifanya nyumba ya kuzaliana. Sungusungu wakikimbilia upande usiofaa, nao huwa msaada kwa mwizi.

Mifano hii mitatu ina fundisho moja: kijidudu kinachoingia pamoja na mate ya mdudu huingia kikiwa na msaidizi.

CHIKUNGUNYA: UGONJWA ULIOPATA JINA KWETU

Ndugu zetu wafadhili huenda wamesikia jina chikungunya katika habari za Asia, za visiwa vya Bahari ya Hindi au za Amerika. Jina hilo ni la Kimakonde, nalo lilitoka hapa kwetu. Linaeleza hali ya mtu anayekunjwa na kupindwa na maumivu ya viungo asiweze kusimama wima.

Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, hasa kwenye Nyanda za Makonde. Daktari Marion Robinson aliandika juu ya dalili zake na W. H. R. Lumsden akaandika juu ya kuenea kwake. Maandiko yao yalichapishwa mwaka 1955. Mwaka uliofuata R. W. Ross alieleza jinsi kirusi kilivyopatikana. Homa ilikuja ghafla na viungo viliuma vibaya sana.

Kwa nini ugonjwa huu ulishika hapa? Wenyeji wanajua jibu. Nyanda zetu ziko juu na maji yako chini bondeni. Kwa vizazi vingi akina mama wameteremka na kupanda milima wakiwa na maji kichwani. Maji yaliyopatikana kwa jasho hivyo hayamwagwi. Huhifadhiwa ndani ya nyumba kwenye mitungi, na siku hizi kwenye ndoo, mapipa na matangi. Mbu aina ya Aedes, mwenye madoa meupe miguuni na anayeuma mchana, hupenda maji masafi yaliyotulia karibu na watu. Hivyo akiba ya maji iliyotunzwa kwa uangalifu ndiyo ikawa kitalu cha mbu.

Jambo kama hilo lilitokea Lamu, pwani ya Kenya, mwaka 2004. Ulikuwa wakati wa ukame na watu waliweka maji majumbani. Ilikadiriwa kwamba watu wapatao 13,500, yaani kama robo tatu ya wakazi, waliambukizwa. Kutoka pwani yetu ugonjwa uliruka hadi Komoro na Reunion mwaka 2005, kisha India, na mwishoni mwa mwaka 2013 ukaanza kuenea katika visiwa vya Karibea. Mbu huyohuyo hueneza homa ya dengi, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Chikungunya haina dawa maalumu ya kuua kirusi chake. Chanjo zimeanza kuidhinishwa katika nchi kadhaa tangu mwaka 2023, lakini si sehemu ya chanjo za kawaida katika zahanati zetu. Kwa hiyo kwetu sisi kinga ya kutegemewa ni kumzuia mbu asitutilie mate.

NDIGANA KALI: HASARA YA NG'OMBE WA MKOPO

Sasa tugeukie mifugo. Zamani Nyanda za Makonde zilikuwa na ng'ombe wachache, kwa uhaba wa maji na kwa sababu ya mbung'o. Hali imebadilika. Ipo mitamba chotara ya maziwa inayotolewa kwa mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Aidha, mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliohamishwa kutoka bonde la Usangu walipelekwa na mifugo yao Mkoa wa Lindi, jirani zetu. Ng'ombe akisafiri, kupe husafiri naye.

Ndigana kali huletwa na kimelea kinachokaa katika tezi za mate za kupe wa sikio. Kimelea hicho huziingia chembe nyeupe za ng'ombe na kuzilazimisha zizaliane ovyo, mfano wa saratani. Yaani kinageuza sungusungu wenyewe kuwa jeshi lake. Dalili zake ni mitoki kuvimba, hasa chini ya sikio na mbele ya bega, homa kali, machozi, kupumua kwa shida na povu puani. Ng'ombe wa kigeni na chotara hufa kwa urahisi. Ng'ombe wa asili waliozaliwa penye ugonjwa huvumilia zaidi, ingawa ndama wao pia hufa.

Hapa kuna jambo ambalo tunaomba kila mfugaji alishike. Kupe anapojishikiza kwenye ng'ombe, kwa kawaida kimelea huwa hakijakomaa. Huhitaji siku tatu hivi za kunyonya ndipo kikomae katika tezi za mate na kuanza kumwagwa kwa ng'ombe. Hizo siku chache ni neema. Kupe akiondolewa au akiuawa mapema, ng'ombe anaweza kupona kabla hajaugua. Akiachwa hadi avimbe kama mbegu ya mbarika, tumechelewa.

Ipo pia chanjo iliyotengenezwa Muguga, nchini Kenya, katika miaka ya 1970. Kupe wenye vimelea husagwa, na ng'ombe hupewa vimelea hivyo pamoja na sindano ya antibiotiki ya muda mrefu, ili augue kidogo na kinga yake ijifunze. Nchini Tanzania imetumika sana na wafugaji wa kaskazini tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Huhifadhiwa kwenye baridi kali ya naitrojeni ya kimiminika na hufungwa kwa dozi nyingi pamoja. Mfugaji mmoja mwenye mtamba mmoja hawezi kuipata peke yake, bali kikundi kinaweza kumwomba afisa mifugo. Hata hivyo chanjo hii ni ya ndigana kali tu. Kupe huleta pia ndigana baridi, ugonjwa wa kukojoa damu na maji moyo, kwa hiyo kuogesha kusikome.

HOMA YA PAPASI

Papasi huishi kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, hutoka usiku na kuwauma waliolala. Homa yake huja, huondoka, kisha hurudi, hivyo watu huidhani malaria sugu. Ni hatari hasa kwa wajawazito na watoto wachanga. Mtafiti Dutton, ambaye jina lake limepewa kijidudu cha homa hii, alifariki kwa homa hiyohiyo mwaka 1905 huko mashariki mwa Kongo.

Habari njema ni kwamba inazuilika. Mwaka 1998 madaktari waliofanya kazi Mvumi, Dodoma, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba nyumba zenye papasi zikipuliziwa dawa, homa hii hupungua kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kazi hiyo ilifanyika vijijini, katika nyumba za watu wa kawaida.

JE, MWILI UNAWEZA KUJIFUNZA?

Ndiyo, kwa kiasi. Mwaka 1939 mtafiti William Trager alionyesha kwamba wanyama wadogo wa maabara walioumwa na kupe mara ya kwanza walianza kuwakataa kupe waliofuata. Kinga yao iliyatambua mate. Ng'ombe wetu wa asili wenye nundu wana uwezo huo kuliko ng'ombe wa Ulaya, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutodharau damu ya asili tunapochagua mitamba.

Leo watafiti wanatafuta chanjo inayofundisha mwili kuyakataa mate yenyewe, ili mdudu yeyote akiuma mbiu ilie mapema. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio la kwanza kwa watu la chanjo iliyotokana na mate ya mbu, na ilionekana kuwa salama. Mwaka 2021 chanjo ya mate ya kupe iliwasaidia wanyama wa maabara kuwakataa kupe. Tunaziombea kazi hizo, lakini hakuna hata moja iliyofika dukani kwetu. Tusikae kuisubiri.

KAMATI IFANYE NINI?

A. Maji ya nyumbani
Mayai ya Aedes hugandishwa ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua takriban siku saba hadi kumi, hivyo kazi ifanyike mara moja kila wiki:
- Chagueni siku moja ya kijiji kizima, kwa mfano Jumamosi.
- Maji yachujwe kwa kitambaa safi na kuwekwa chombo kingine. Hakuna haja ya kumwaga hata ndoo moja.
- Chombo kisuguliwe ndani kwa brashi au mchanga, hasa ukingoni, kisuuzwe, kisha maji yarudishwe.
- Kila chombo kifunikwe kwa mfuniko unaobana au kitambaa kilichofungwa kwa kamba.
- Vifuu, makopo na matairi yanayoshika mvua yafukiwe au yageuzwe.

Chandarua chenye dawa kiendelee kutumika kwa ajili ya mbu wa malaria, anayeuma usiku. Watoto na wagonjwa wanaolala mchana nao walale ndani ya chandarua.

B. Mtu mwenye homa
Apelekwe zahanati apimwe malaria. Kipimo kikionyesha hana, na viungo vinamuuma sana, mhudumu aelezwe hivyo. Asipewe aspirini mpaka dengi iondolewe katika mashaka, kwa kuwa inaweza kuongeza kutoka damu.

C. Mifugo
- Masikio, shingo, kwapa na chini ya mkia vikaguliwe kila siku ng'ombe anapokamuliwa.
- Kupe ashikwe karibu na ngozi na avutwe moja kwa moja. Asipasuliwe kwa vidole, bali atumbukizwe katika kopo la mafuta ya taa.
- Dawa inyunyiziwe kwa ratiba na kipimo alichoelekeza afisa mifugo. Kuipunguza ili idumu ni kuwafundisha kupe kuizoea.
- Mtamba mpya asichanganywe na wengine kabla hajakaguliwa na kuogeshwa.

D. Nyumba
Nyufa za kuta na sakafu zizibwe, vitanda visiguse ukuta, na penye papasi mtaa uombe ushauri wa afisa afya kuhusu kupulizia dawa.

KWA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru kwa moyo wa upendo. Tunajua kwamba picha ya mama akikabidhiwa mtamba hupendeza kuliko picha ya bomba la dawa au ya mfuniko wa pipa. Lakini mtamba asiyeogeshwa ni deni linalotembea. Akifa kwa ndigana kali, mama huyo hupoteza maziwa na mbolea, na hukosa mtamba wa kumpa mwenzake anayengoja kwenye orodha. Mnyororo wote hukatika kwa sababu ya kupe ambaye angeweza kuondolewa siku ya kwanza.

Tunawaomba basi, kila mnapochangia ng'ombe mmoja, mchangie pamoja naye dawa ya kupe ya mwaka mzima na mafunzo ya mfugaji. Kila mnapochangia tangi la maji, mchangie na mfuniko wake. Vilevile tunaziomba kamati zitoe taarifa ya kazi hizi ndogo bila kuona haya. Ripoti inayosema kwamba kila Jumamosi vyombo vilisuguliwa, na kwamba mwaka huu hakuna mtamba aliyekufa kwa ndigana, ni ripoti nzuri hata kama haina picha.

NENO LA MUNGU NA MASWALI YA KUJADILI

Kikao kisome Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwenye nyumba wa Israeli aliagizwa kuweka ukingo juu ya dari lake ili mtu asianguke na nyumba ikawa na hatia. Mbu wa Aedes haruki mbali. Mbu aliyemuuma mtoto wa jirani huenda amezaliwa katika mtungi wetu.

1. Katika mtaa wetu ni vyombo vingapi vya maji havina mfuniko? Vihesabiwe nyumba kwa nyumba kabla ya kikao kijacho.
2. Mjane au mzee asiye na nguvu ya kusugua pipa atasaidiwa na nani?
3. Nani ana zamu ya kukagua kupe kwa ng'ombe wa kikundi, na nani hushika zamu yake akisafiri?
4. Bajeti yetu ya mwaka huu inatenga kiasi gani cha kuzuia na kiasi gani cha kutibu? Je, tunaridhika?
5. Ukingo wa dari letu leo ni upi?

Wanakamati walete majibu ya swali la kwanza na la nne kwa maandishi katika kikao cha robo mwaka kijacho, ili tuyatumie kupanga mgawo wa mifuniko na dawa.

Mungu awabariki na awalinde ninyi, watoto wenu na mifugo yenu. Amina.